Kumfuata Kindi wa Miosini: Kutoka Songhor hadi Rusinga

Jumatatu, Nairobi hadi Muhoroni

Ninayemfuata anaitwa Vulcanisciurus africanus. Ni kindi, na aliishi huku kwetu zama za Miosini, karibu miaka milioni 20 iliyopita. Masalia yake yametoka Songhor, Koru na Rusinga hapa Kenya, na Napak kule Karamoja, Uganda. Aliyempa jina ni Mfaransa René Lavocat, mwaka 1973, katika kitabu kikubwa alichoandika kuhusu wagugunaji (wanyama wa jamii ya panya na kindi) wa Miosini wa Afrika Mashariki. Watu wengi wanaofika maeneo hayo huwafuata sokwe wa kale, na siwalaumu, maana sokwe hao wana sifa dunia nzima. Lakini kindi naye ana habari yake, na kwangu ni habari tamu kuliko nyingi nilizosoma kuhusu nchi hii.

Asubuhi nilipitia makumbusho ya Nairobi, ambako nilikuwa nimeomba kuonyeshwa mataya ya wanyama wadogo. Dada aliyenipokea alianza kwa kuniwekea fuvu la kindi wa leo juu ya karatasi nyeusi. "Mtazame huyu kwanza," aliniambia, "ndipo utamtambua wa zamani." Nikatazama. Mbele kuna meno mawili juu na mawili chini, marefu, yaliyopinda, na hayaachi kuota maisha yote ya mnyama. Enameli ngumu iko upande wa mbele peke yake, kwa hiyo upande wa nyuma hulika upesi zaidi na jino hujinoa lenyewe kila linapotafuna. Chonge hakuna. Baada ya meno ya mbele pana pengo tupu, kisha ndipo magego yanapoanza.

Halafu akavuta droo, akatoa kijisanduku kilichotandikwa pamba. Ndani mlikuwa na kipande cha taya la chini, cha rangi ya kahawia iliyokolea, kisichofika sentimita mbili. Kila gego lilikuwa dogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Chini ya darubini mambo yalibadilika kabisa: uso wa gego ulikuwa na bonde pana katikati, na pembeni mwa bonde vinundu butu vilivyounganishwa na ukingo mwembamba. Meno ya namna hiyo yanaponda tunda na kusaga kokwa. Akanisogezea pembeni taya la Paranomalurus, mnyama mwingine wa mitini wa zama hizohizo, ambaye jamaa zake wa leo huruka kutoka mti hadi mti kwa ngozi waliyotandaza kati ya mikono na miguu. Magego ya huyo yalikatizwa na matuta yaliyolala kutoka upande hadi upande. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, huisahau tena. Nilikaa pale hadi alipoangalia saa yake, nikajua nimemchosha.

Mchana nikaondoka. Njia niliyochagua ilinipitisha Nakuru, halafu Londiani, kisha ikateremka kwa Fort Ternan na Koru sambamba na reli ya zamani ya Kisumu. Ukifika mteremko ule hewa ya baridi ya Mau inakuacha, na harufu ya miwa iliyokatwa inaingia dirishani. Nimelala Muhoroni, nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi. Chapati na maharagwe, chai ya maziwa, basi.

Jumanne, Songhor

Leo nitaandika kirefu.

Kutoka Muhoroni nilipanda bodaboda. Barabara ya vumbi inapita katikati ya mashamba ya miwa, na kijana aliyenibeba alikuwa akisogea pembeni kila tulipokutana na trekta lililovuta matela yaliyofurika. Kaskazini ukuta wa Nandi umesimama wima. Mashariki ndiko iliko Tinderet, mlima mpana ambao mtu mgeni hawezi kuudhania kuwa ulikuwa volkano, kwa jinsi ulivyojaa mashamba na miti.

Mzee anayetunza eneo alikuwa ameshafika. Nilimsalimu, nikamwonyesha barua ya ruhusa, akaisoma yote hadi mwisho ndipo akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya Proconsul, yule sokwe wa kale.

"Hapana, mzee. Nimekuja kwa ajili ya kindi."

Alinitazama, akatabasamu. "Basi wewe, mwanangu, utapiga magoti."

Songhor ni makorongo na miteremko mifupi ya udongo mwekundu wenye kahawia, na ndani ya udongo huo mna vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyotapakaa kila mahali. Vichaka vya miiba vimeota juu ya kingo. Mvua ikinyesha maji yanamenya ngozi nyembamba ya mteremko, na kilichokuwa kimefukiwa kinatokeza. Ndiyo maana kazi hufanywa baada ya mvua. Mtu hupiga magoti, akiweka uso karibu na ardhi, na kusogea taratibu akitafuta kitu kinachong'aa tofauti na jiwe. Enameli hung'aa hivyo. Kwa meno madogo kabisa hata macho makali hayatoshi: udongo hubebwa kwenye magunia, ukalowekwa, ukasafishwa kwa maji juu ya chekeche zenye matundu madogo sana, ukaanikwa, halafu kila chembe iliyobaki ikakaguliwa kwa kioo cha kukuzia. Magunia kwa magunia, na huenda ukapata meno machache tu ya kindi. Ninawaheshimu mno watu wenye subira hiyo.

Udongo huu ulikuwa majivu. Tinderet ilipokuwa hai ilirusha majivu yaliyoanguka msituni na kufunika majani, konokono, mizoga na mifupa iliyokwisha kutapakaa. Msitu wa mvua kwa kawaida ni mahali pabaya pa kuhifadhi mifupa. Udongo wake una asidi, unyevu haukauki, wadudu na kuvu hawalali, na mifupa ya mnyama mdogo hutoweka upesi. Majivu ya volkano hizi za magharibi mwa Kenya yalikuwa na kabonati nyingi ya kalisi. Chokaa hiyo iliituliza asidi, ikaingia ndani ya mfupa na kuugeuza jiwe. Leo duniani imebaki volkano moja tu inayotapika lava ya kabonati, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Zamani zile huku kwetu kulikuwa na kadhaa, na kwa sababu yake tunaijua misitu ya Afrika ya Miosini kwa undani ambao sehemu nyingi za bara hili hazina.

Nilipiga magoti kama mzee alivyosema, tukaenda sambamba, yeye kushoto na mimi kulia. Jua lilikuwa kali. Nikaona vipande vya magamba ya konokono, vingi, na meno ya mnyama mkubwa zaidi yaliyopasukapasuka. Kisha mzee akasimama, akanionyesha kwa kijiti, bila kugusa. Taya la mgugunaji, magego matatu bado yamo mahali pake. Moyo ulinipiga.

"Kindi?"

"Hapana. Angalia urefu wa jino lenyewe, linapotoka kwenye mfupa. La kindi ni fupi. Hili limeinuka." Alilitaja jina bila kusita: Diamantomys. Kweli, magego ya Diamantomys yameinuka kwa sababu alikula vitu vikavu na vigumu zaidi. Tuliliacha taya palepale, akaandika mahali lilipo kwenye daftari lake ili awaarifu wa makumbusho. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inakataza kuondoa kisukuku bila kibali, na hata kama isingekuwepo sheria, mfupa uliong'olewa bila kuandikiwa ulitoka tabaka gani hupoteza zaidi ya nusu ya habari yake.

Tulipumzika kivulini. Nikamuuliza kwa nini kindi ni adimu hapa wakati wagugunaji wengine wamejaa. Akasema kwa sababu alikuwa mgeni. Ni jibu sahihi, na ndilo lililonifanya nimpende mnyama huyu tangu mwanzo.

Kwa mamilioni mengi ya miaka Afrika na Uarabuni vilikuwa kisiwa kimoja kikubwa, na bahari ya Tethys ilikitenga na Asia na Ulaya. Wagugunaji waliokuwa ndani walikuwa wa koo za hapa hapa, wameshakaa muda mrefu na kugawana kila nafasi. Paraphiomys, jamaa wa kale wa ndezi, alikuwa chini kwenye majani. Megapedetes, wa ukoo wa kamendegere, alikuwa akirukaruka kwa miguu mirefu ya nyuma. Diamantomys tumeshamtaja. Sengi, ingawa si wagugunaji, nao walikuwa wakichakura majani makavu, na juu mitini alikuwa Paranomalurus, tena wa aina zaidi ya moja, wakubwa na wadogo. Halafu Uarabuni ikagota Asia. Njia ya nchi kavu ikafunguka. Tembo wa kale wakatoka kwenda kaskazini, na baadaye sokwe nao wakatoka. Kutoka huko wakaingia nguruwe, vifaru, wanyama walao nyama wa koo mpya, na kindi.

Kindi asili yake ni kaskazini ya mbali. Wa zamani kabisa tunayemjua vizuri kwa mifupa, Douglassciurus jeffersoni, ametoka Wyoming, Marekani, mwishoni mwa Eosini, kama miaka milioni 36 iliyopita. Robert Emry na Richard Thorington walipoichambua mifupa yake mwaka 1982 walishangaa jinsi inavyofanana na ya kindi wa mitini wa leo: viungo vya mikono, kifundo cha mguu, urefu wa mifupa, vyote vya mpandaji miti. Umbo hilo lilishakamilika zamani sana. Kwa hiyo alipoingia Afrika kindi hakuwa na haja ya kujifunza kupanda. Alichokikosa ni nafasi. Kila mti ulikuwa na mwenyewe.

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo uzito wake ulipo. Jino moja la kindi kwenye udongo wa Songhor ni miongoni mwa ushahidi kwamba kisiwa kilikuwa kimeshakwisha, Afrika ilikuwa imeshaunganishwa na dunia nyingine. Hakuna fuvu la sokwe linaloweza kukuambia hivyo, kwa sababu sokwe alikuwa mwenyeji.

Jioni mzee alinisindikiza hadi barabarani. Alikataa pesa, akakubali sukari na majani ya chai niliyokuwa nimenunua Muhoroni.

Jumatano, Koru na Fort Ternan

Koru ndiko yote yalikoanzia upande huu. Mwaka 1926 mlowezi mmoja, daktari H. L. Gordon, aliona mifupa kwenye mawe ya chokaa yaliyokuwa yakichimbwa, akaituma London. Humo mlikuwa na taya la sokwe, na mwaka 1933 Arthur Tindell Hopwood wa jumba la makumbusho la Uingereza akalipa jina la Proconsul africanus. Songhor nayo ina sokwe anayebeba jina la daktari huyo, Rangwapithecus gordoni.

Chokaa bado inachimbwa na kuchomwa. Vumbi jeupe limeyakalia majani ya migomba iliyo karibu na barabara. Nilitembea hadi chini ya kilima cha Legetet, mojawapo ya sehemu zilizotoa mifupa ya wanyama wadogo, nikaonyeshwa jiwe lililojaa konokono wa nchi kavu. Konokono hawa nawathamini sana. Bernard Verdcourt aliwachambua mwaka 1963 na kukuta koo nyingi zinazoishi bado katika misitu yetu, na kwa kuwa konokono hahami mbali na unyevu wake, ukimkuta yeye umeshajua msitu ulikuwaje. Kindi aliyeacha meno yake kwenye mawe haya alikuwa juu ya vichwa vyao.

Fort Ternan sikukaa. Ni ya baadaye, kama miaka milioni 14, na mifupa yake inaonyesha nchi iliyoanza kufunguka, yenye nyasi na swala wengi. Louis Leakey, mtafiti wa visukuku, aliyapa masalia ya sokwe wa hapo jina la Kenyapithecus wickeri mwaka 1962, kwa heshima ya mkulima aliyemiliki shamba. Mahali pazuri, mandhari ya kupendeza, ila safari yangu ni ya msitu mzito.

Nimefika Kisumu usiku.

Alhamisi, Kisumu hadi Mbita

Matatu ya asubuhi kupitia Bondo hadi Luanda K'Otieno, kisha feri. Ziwa lilikuwa shwari. Kwenye feri kulikuwa na magunia ya omena, pikipiki, kuku waliofungwa miguu, na kundi la wanafunzi waliovaa sare wakirudi nyumbani. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomwambia nakwenda kuona mifupa Rusinga akasema, "Ah, ya akina Leakey. Baba yangu aliwabebea udongo." Nikamwomba anisimulie. Alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akisema kazi ile ilikuwa ya ajabu, kulipwa kwa ajili ya kutazama chini siku nzima, na kwamba waliokuwa na macho mazuri kuliko wote walikuwa watu wa hapa.

Kusini tuliona vilima vya Gwassi vikiwa vimefunikwa na ukungu. Hayo ni mabaki ya Kisingiri, volkano iliyokuwa kubwa kupita kiasi na ambayo majivu yake ndiyo yaliyovifanya visiwa vya Rusinga na Mfangano kuwa hazina. Moyo wa volkano ulikuwa pale Rangwa. Kilichobaki leo ni mzunguko wa vilima na ghuba.

Kusini zaidi ni Karungu. Huko ndiko watu wa serikali ya kikoloni walikookota mifupa ya Miosini kwa mara ya kwanza upande huu wa ziwa, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao, D. B. Pigott, aliuawa na mamba. Mwaka 1911 Felix Oswald akatumwa kutoka Uingereza kuendeleza kazi, na mwaka 1914 mgugunaji aliyetoka huko akaitwa Paraphiomys pigotti. Ni yule jamaa wa ndezi niliyemtaja Songhor. Kila nikilisoma jina hilo namfikiria mtu huyo ufukweni, na mifupa mfukoni.

Mbita nilikula ngege wa kukaanga na ugali wa mtama. Mwenye hoteli, mama mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alinitafutia mtu wa kunipeleka kesho Hiwegi, kilima cha Rusinga, na akanionya nisiende bila kofia.

Ijumaa, Rusinga

Kutoka Mbita hadi kisiwani ni daraja fupi. Tulipita kwa pikipiki kando ya fukwe zilizotandikwa nyavu zenye omena zinazokauka, tukapita Kamasengre alikozikwa Tom Mboya, nikashuka dakika chache kutoa heshima. Halafu tukaanza kuuzunguka kilima cha Hiwegi.

Leo Rusinga ni nchi kavu. Migunga, mawe, mbuzi, mahindi yanayopambana. Mtu anaposimama hapo na kuambiwa palikuwa msitu mnene anahitaji ushahidi, na ushahidi upo chini ya miguu yake. Kiongozi wangu, kijana wa kisiwa hicho aliyewahi kufanya kazi na watafiti, alinipeleka hadi mahali panapoitwa R3. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kiganja. Nikaona duara la jiwe lenye rangi tofauti na mwamba unaolizunguka, na kutoka kwenye duara hilo mikono iliyoenda pande zote, ikipungua unene. Kisiki na mizizi yake. Mti ulisimama hapo hapo nilipokuwa nimesimama mimi. Hatua chache mbele, kingine. Na kingine. Watafiti akina Lauren Michel na Daniel Peppe walitangaza mwaka 2014 kwamba visiki, majani na udongo wa R3 vinaonyesha msitu mnene uliofunga juu, wenye joto na mvua, na kwamba sokwe aliishi ndani ya msitu huohuo. Nilishika ukingo wa kisiki kimoja. Kilikuwa cha moto kwa jua.

Karibu na hapo tuliona mbegu zilizogeuka jiwe. Matunda na mbegu za Rusinga zimejulikana kitambo. Chesters aliandika juu yake mwaka 1957, na nyingi ni za mimea inayopanda na miti ya msituni. Nilikaa na mbegu moja mbele yangu kwa muda mrefu, ganda lake nene na mshono wake bado unaonekana, nikiwaza juu ya gego lile lenye bonde nililoliona Nairobi. Jino na chakula vyote viwili vimehifadhiwa na majivu ya mlima mmoja. Mtafiti wa tembo wa kale hapati bahati hiyo mara nyingi.

Kiongozi alinisimulia habari za Heselon Mukiri kwa heshima kubwa, kana kwamba alikuwa mjomba wake. Mukiri alikuwa mtafutaji wa visukuku aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miongo mingi, na mwaka 1993 Alan Walker na wenzake wakalipa jina lake sokwe mdogo wa Rusinga: Proconsul heseloni, anayeitwa sasa Ekembo heseloni. Ninafurahi kila ninapolikuta jina hilo katika maandishi ya Kijapani au ya Kimarekani. Mary Leakey naye alipata fuvu mashuhuri la sokwe hapa Oktoba 1948, akalibeba mwenyewe kwa ndege hadi Uingereza. Wakati mwingine walikuja kisiwani kwa mashua yao, Miocene Lady.

Lakini mahali nilipotaka kufika kuliko pote ni R114. Mwaka 1951 Tom Whitworth alikuta hapo mwamba mwembamba wa mviringo uliosimama wima, umejaa mifupa, akauchukulia kuwa shimo lililochimbwa na maji. Miaka ya 1980 Alan Walker na Martin Pickford walikuta vipande zaidi vya mifupa hiyo vimelala katika droo za makumbusho Nairobi, wakarudi kutazama mahali vilipotoka. Shimo lile lilikuwa mti. Shina kubwa lenye uwazi ndani, ambalo majivu yalilizunguka na kulijaza likiwa bado limesimama, mifupa ya sokwe ikiwa ndani yake.

Nilisimama pale na kufikiria mashimo ya miti. Kindi wa mitini wa Afrika wanayategemea: hulala humo, huzaa humo, hukimbilia humo mwewe anapopita. Paranomalurus naye, kama jamaa zake wa leo, bila shaka aliyataka. Nilivyoelewa, shindano la mgeni na wenyeji lazima lilihusu mashimo kama hili kuliko lilivyohusu matunda, kwa sababu matunda huota upya na shimo la mti huchukua miaka mingi kupatikana. Hili ni wazo langu, silisukumi kwa mtu, lakini mbele ya R114 lilinikaa kwa nguvu. Mshindi alijulikana polepole: leo kindi wamejaa kila kona ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, mitini na ardhini, na jamaa wa Paranomalurus wamebaki misitu michache.

Jioni tuliogelea ziwani, nguo zikiwa na vumbi jekundu hadi mifukoni.

Jumamosi

Njiani mchana kutwa. Feri ilichelewa, matatu ikajaa, mvua ikatukuta Kisian. Kakamega saa mbili usiku.

Jumapili, msitu wa Kakamega

Nilikuja hapa kuona jinsi habari hii inavyoendelea kwa walio hai. Niliingia na kiongozi wa msitu upande wa Buyangu kabla jua halijachomoza. "Mulembe," akanisalimu, "unataka mbega?" Nikamwambia nataka kindi. Alifurahi mno. Kumbe anawajua kwa sauti kila mmoja, na hajaulizwa habari zao kwa muda mrefu.

Wa kwanza alikuwa mwenye miguu myekundu, Heliosciurus rufobrachium. Alikuwa amejilaza kwenye tawi lililopata jua, tumbo limegusa gome, mkia wenye pete nyembamba umening'inia. Alitupa jicho, akaendelea kuota jua. Yule mkubwa, Protoxerus stangeri, tulimsikia kabla ya kumwona: mlio mzito unaoporomoka, halafu vipande vya ganda vikaanza kutuangukia mabegani. Alikuwa juu kabisa, kichwa cha kijivu, mkia mnene wenye michirizi ya nyeusi na nyeupe. Kwa darubini ya mkono nilimwona akiizungusha kokwa kwa mikono yake, akiikuna mahali pamoja kwa meno ya mbele hadi tundu likatokea. Baadaye tuliokota kokwa hiyo. Kwenye ukingo wa tundu palikuwa na mifereji miwili miwili iliyolala sambamba, alama ya meno yale mawili ya mbele, safi kabisa. Nilizipima kwa rula niliyokuwa nayo na kuzichora kwenye daftari.

Mwaka 2003 John Mercer na Louise Roth walichapisha nasaba ya kindi wa dunia nzima kwa kutumia DNA. Kuingia kwao Afrika kunaangukia Miosini, wakati ule ule ambao meno ya Vulcanisciurus yanatokea katika majivu yetu. Damu na mwamba, kila kimoja kimeulizwa peke yake, na vimetoa jibu linalooana.

Msitu huu pia una yule mrukaji, Anomalurus derbianus, jamaa hai wa Paranomalurus. Huwa anatoka usiku. Kiongozi alinionyesha mti anamolala na gome lililokwaruzwa kwa miaka: chini ya mkia wake, karibu na shina la mkia, ana magamba makali yanayomshikilia asiteleze. Kwa hiyo mgeni na mwenyeji bado wanaishi pamoja Kakamega, mmoja akitafuta chakula mchana na mwingine usiku.

Tumekubaliana nirudi mwezi ujao tulale msituni tumsubiri. Kwa Napak nimeanza kuandika barua za kibali Kampala. Wenyeji wa Moroto wananiambia barabara hupitika vizuri kuanzia Desemba, mvua zikiisha.